Farasi Mmoja na Mtunzaji Wake

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ajensi moja ya magari hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, bahasha ya diploma chini ya kwapa, nikijiuliza kama barua yangu ya kuomba kazi nimeitia sahihi mahali panapofaa. Nilikuwa nimeshaifungua mara tatu kuangalia. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Mlango nikiufunga, lazima nirudi kuusukuma. Kando yangu mama mmoja aliuza chai ya mchaichai kutoka kwenye termosi, na nyuma yake lori lilikuwa likiunguruma, linapasha injini moto. Upepo ukageuka. Moshi wa mazuti ya lori na mvuke wa mchaichai vikanifikia kwa pamoja, nami nikaduwaa pale kama niliyeitwa kwa jina na mtu nisiyemwona. Barua sikuipeleka siku ile. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu.

Harufu hizo mbili zikichanganyika, kwangu ni harufu ya pua ya farasi. Naijua tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Najua kwamba farasi Bunia ni neno la kuchekesha. Mnyama mkubwa wa kwetu ni ng'ombe; tunamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, na hata mtu asiye na ng'ombe anaongea juu ya ng'ombe kama anao. Lakini wakati ule wa vita kulikuwa na farasi mmoja katika mtaa wetu, kartie ya Lumumba, nyuma ya depo ya kahawa iliyopakana ukuta na nyumba yetu. Alikuwa jike, rangi ya chai yenye maziwa kidogo, na mguu mmoja mweupe mpaka gotini kama aliyevaa soksi akasahau ya pili. Kwenye karatasi aliitwa Bijou. Sisi tulisema Bizu. Watoto wa kartie waliamini kwamba anakula mkate na siagi kwa sababu ni mnyama wa Wazungu, na mimi, niliyejua vizuri kwamba anakula majani na maganda ya ndizi, sikuwasahihisha. Nilipenda kuwa na siri.

Alikuwa amebaki peke yake kutoka kwenye kundi la Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kule milimani. Mzungu alipoondoka, mfanyabiashara wa Butembo, ambaye sote tulimwita Patron, alinunua shamba, depo na farasi, na pamoja na farasi akapata mtu: Tonton Gaspari, aliyewatunza farasi wale tangu ujana wake. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu, na alikuwa anaishi katika chumba kimoja cha depo. Hakuwa ndugu yetu. Tulimwita Tonton, yaani mjomba, kwa heshima, na kwa sababu kila siku baada ya kazi alikuja kukaa kwenye kibaraza chetu, Mama akishona kwa cherehani, mimi nikimwuliza maswali. Papa alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya Kilo kuchimba dhahabu kabla barabara hazijafungwa, na habari zake zilikuwa zimekatika. Tulikuwa wawili tu nyumbani, na Tonton akawa sauti ya mwanamume mle ndani.

Kabila lake sitaliandika, wala letu. Sisi wa Bunia wa umri wangu tulijifunza mapema kwamba swali la upole kama "weye ni wa wapi?" linaweza kuwa swali la mwisho mtu kuulizwa. Inatosha kusema kwamba Mama na mimi tungeweza kupita kwa miguu kwenye barabara ya Komanda, na Tonton Gaspari asingeweza. Kwa upande mwingine wa mji, watu wa kabila letu ndio wasingepita. Mambo yalikuwa hivyo, na watu wazima waliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza daraja gani limevunjika.

Mwezi ule mji ulikuwa unasubiri. Askari wa kigeni waliokuwa wakilinda njia kuu walikuwa wanafunga mizigo yao, na kila mtu alijua kwamba siku watakapoondoka, vijana wenye silaha wa pande zote watauingia mji. Wenye uwezo waliondoka kwa ndege ndogo. Wengine walikaanga unga wakauweka kwenye mifuko, tayari kwa safari ya miguu. Ndipo Patron alipotuma habari kutoka Butembo: lori lake litakuja kuchukua magunia ya kahawa yaliyobaki, na farasi pia. Mke wake alikuwa amempenda yule farasi siku moja alipotembelea depo, na Patron hakupenda kumvunja moyo mke wake.

Lori lilikuja na karatasi. Niliiona kwa macho yangu, ilikuwa na mihuri miwili na sahihi ya mkubwa mmoja ambaye vijana wa kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, walimwogopa. Ilisema kwa Kifaransa kwamba lori lipite bila kusumbuliwa, na shofere wake na msaidizi wake, magunia ya kahawa, farasi mmoja na mtunzaji wake. Jina la mtunzaji halikuandikwa.

Ile nafasi moja ndiyo iliyokuwa uhai wa Tonton Gaspari. Hakuna aliyeisema hivyo mbele yangu, lakini mtoto anasikia hata yanayosemwa kwa nyusi. Tonton atapanda na Bizu, atafika Butembo, ataishi. Mama na mimi tutafuata kwa miguu pamoja na watu wa kanisa letu mpaka Beni, kwa mama mdogo wangu. Mpango ulikuwa huo.

Tatizo lilikuwa shofere. Aliitwa Kambale, mtu mnene mwenye haraka, si mbaya. Mara mbili alinipa biskuti. Lakini aliogopa kubeba uso kama wa Tonton kupita bariyeri zote zile, karatasi au bila karatasi. Alimwambia Mama waziwazi kwamba karatasi haizuii risasi. Alikuwa anatafuta sababu ya kumwacha, na sababu ingekuwa moja tu: kama farasi angeweza kusafiri bila yeye.

Mwanzoni hilo lilionekana haliwezekani. Bizu alikuwa mwoga kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumwona. Aliogopa kuku. Aliogopa mwavuli. Zaidi ya yote aliogopa mlio wa chuma, tangu siku bomu lilipoanguka karibu na soko na mabati ya depo yakang'oka na kugongana juu ya kichwa chake. Bati likilia tu, alisimama kwa miguu ya nyuma, akapiga hewa kwa kwato.

Siku ya kwanza Kambale na msaidizi wake walijaribu kumpandisha kwa namna walivyojua, yaani kama ng'ombe. Hapa kwetu ng'ombe anapandishwa lori kwa kumfunga kichwa kifupi kwenye chuma na kumkunja mkia mpaka asonge mbele. Msaidizi aliukunja mkia wa Bizu, na Bizu akampiga teke la paja. Nilicheka kabla kijana hajaanguka, na Mama akanifinya. Yule kijana alikaa kwenye matope akishika paja, akiuliza kama tumeona, kama sote tumeona, mnyama gani anapigana kwa nyuma.

"Ngombe unaifunga fupi," Tonton alimwambia akimwinua. "Farasi unaiachia kichwa. Kichwa yake ndio mukono yake. Ukiifunga, kwa kona itaanguka, na ikianguka mara moja haitapanda kamyo tena mpaka ikufe."

Lori lilikuwa linasubiri kipuri cha breki, kwa hiyo tulipata siku tatu. Siku hizo Tonton alinifundisha kila kitu. Lori lirudishwe nyuma mpaka kwenye tuta la udongo, ili Bizu aingie kama anayeingia chumbani, bila kupanda. Sakafu iwekwe mchanga kwanza, halafu majani makavu, ili kwato zisiteleze na zisisikie ubao ukilia. Pamba masikioni, lakini laini, na aingiziwe na mtu anayemjua. Mchaichai ufikichwe viganjani na kupakwa puani, ili moshi wa mazuti usimfikie peke yake. Shofere apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kila baada ya mwendo mrefu wasimame, farasi ainamishe kichwa, anywe, apige chafya.

Nilimwuliza maswali mpaka akachoka. Kamba ishikwe kwa mkono gani? Akijisaidia njiani je? Akilia? Kama mchaichai ukiisha? Alijibu yote. Leo najiuliza kwa nini alijibu, na jibu ninalolipata ni kwamba alimpenda mnyama yule. Alitaka Bizu awe na woga mbele ya macho ya Kambale, na awe na raha barabarani. Hayo mawili hayakuwa rahisi kuyatenganisha, naye hakujua kwamba anayafundisha kwa mtoto asiyesahau kitu.

Maana kila mara Kambale alipokuja kuangalia mazoezi, jambo liliharibika. Bizu anaingia vizuri, mimi niko kando ya tuta nikishikilia pumzi, na Tonton anapofunga nyuma ya lori, mnyororo unamponyoka. Unagonga chuma. Bizu anaruka juu, anapiga mbao, anatoka akitetemeka, na Tonton anamfuata akimwimbia kwa sauti ya chini mpaka atulie.

"Unaona?" anamwambia Kambale. "Bila miye, hii farasi itavunja kamyo yako."

Kambale anatikisa kichwa na kuondoka, na nafasi ya Tonton inabaki salama kwa siku moja zaidi.

Msomaji wangu ameshaelewa. Mtoto wa miaka tisa hakuelewa. Niliona tu mzee ambaye vidole vyake vimeanza kudhoofika, anaangusha mnyororo uleule kila siku, mahali palepale, na kumtesa Bizu bila kujua. Nilimwonea huruma. Nilijiambia kwamba ameanza kuzeeka na hana mtu wa kumwambia. Asubuhi ya safari, wakati Tonton amekwenda kuteka maji, nilimwomba Mama vipande vya nguo vilivyobaki chini ya cherehani. Aliniuliza vya nini. Nikamwambia: mnyororo wa lori unamwogopesha Bizu, nataka kuuvisha. Mama alinitazama kwa muda. Halafu akavikusanya mwenyewe, vitenge vyekundu na vya kijani, akanipa vyote, hata kile kikubwa ambacho angeweza kukitumia.

Niliuzungushia mnyororo wote, pete kwa pete, nikakaza kwa uzi. Ulikuwa umependeza kama mkono wa bibi harusi. Nilijivuna kiasi kwamba sikumwambia mtu.

Kipuri kilikuwa kimefungwa, magunia yamepakiwa. Watu wengi walikuja na mizigo yao wakiomba kupanda, na Kambale aliwakatalia wote akionyesha karatasi: idadi imeandikwa, bariyeri watahesabu. Tonton alikuwa amevaa koti lake moja na kubeba mfuko mdogo wa plastiki. Alimwongoza Bizu mpaka kwenye tuta, na Bizu akasimama, akaangalia giza la lori, akaanza kurudi nyuma.

Hapo ndipo mimi nilipokimbia. Sikuulizwa. Nilipanda ndani ya lori nikiwa na viganja vilivyojaa mchaichai, nikasimama kwenye kona ya mbele, kati ya mbao na mahali kifua cha farasi kingekuwa, nikamwita jina lake kama Tonton alivyomwita. Bizu akatikisa masikio. Akaweka mguu wenye soksi kwenye majani. Akaingia mpaka mwisho, akaweka pua yake mikononi mwangu, akatoa pumzi ndefu.

Tonton alifunga nyuma. Mnyororo ukaanguka, kama kawaida. Haukulia.

Niliona akiutazama. Aliushika, akakipapasa kile kitambaa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayesoma. Halafu akainua macho akaniona ndani, nyuma ya shingo ya Bizu, nikicheka kwa furaha.

Chini, karibu na gurudumu, kulikuwa na chuma cha kufungulia nati. Tonton akainama akakiokota. Alikishika kama mtu anayepima uzito wake, akitazama ubavu wa lori, kisha akanitazama mimi. Kifua cha Bizu kilikuwa kimenigusa bega. Sijui alisimama hivyo kwa muda gani. Katika kumbukumbu yangu ni muda mrefu, lakini nadhani zilikuwa pumzi mbili. Kisha akakilaza kile chuma kwenye nyasi, taratibu kabisa, kama anayelaza yai.

"Bien, Tonton," nilimsifu kwa sauti ya mwalimu wetu wa darasa la tatu. "Sasa umejua."

Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, amejua.

Kambale alikuwa ameona. Alizunguka lori, akampiga Bizu kofi dogo la matako, na Bizu hakufanya kitu ila kuhamisha uzito wake. Akaniangalia mimi, akamwangalia Tonton, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetua mzigo.

"Muzee," akasema, "hii farasi imekuwa mbuzi. Kama mutoto anaishika, siye tunakubeba sababu ya nini?"

"Hapa imesimama tu," Tonton akajibu. "Ukifika kwa milima, utamwita nani?"

"Nitamwita huyu." Kambale akanigeukia. "Maman kidogo, unaweza kuishika mpaka Beni? Kwa mama mudogo yako? Utashuka pale, na pale tutapata mutu mwingine."

Nimelirudia swali lile maishani mwangu kuliko swali lolote la mtihani. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kuanza kulia, nilikuwa hodari wa kulia. Ningeweza kumtazama Tonton kwanza.

"Ninaweza," nikasema. "Tonton amenifundisha yote."

Wote walinigeukia. Nilidhani wananistaajabia. Nilimwona Mama akigeuka, akaingia ndani ya nyumba kwa haraka, na kabla sijahesabu mpaka kumi akawa ametoka na mfuko wangu, sweta yangu, na chupa ya maji. Mfuko ulikuwa umefungwa tayari kwa safari ya miguu. Aliurusha ndani ya lori. Hakumtazama Tonton. Tonton naye akasogea kumpisha, kama watu wawili wanavyopishana kwenye mlango mwembamba.

Halafu Tonton akaanza kunipa maagizo. Alitembea kando ya lori lilipokuwa linaondoka, mkono wake mmoja kwenye mbao, akisema mambo ambayo nilishayajua: usiivute kamba, usiiachilie, ikiinamisha kichwa, mwambie Kambale asimame, mchana mpe maji kabla ya majani. Niliitika kila neno. Kwenye kona ya barabara alitoa mkono wake kwenye mbao. Sikumpungia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kamba, kama alivyonifundisha.

Kuhusu barabara nitasema machache. Bizu alisafiri vizuri. Kambale, ambaye alizoea kukata kona kama anayefukuzwa, alipunguza mwendo kabla ya kila kona kwa sababu nilikuwa nikigonga mbao kumkumbusha. Alilalamika kwamba amefanya kazi miaka yote bila kuamriwa na mtu wa kimo cha gunia. Kwenye mteremko Bizu alitandaza miguu na kuinua shingo, na nikaona kwa macho yangu kwamba kweli kichwa chake ni mkono wake. Alikuwa anashika hewa nacho.

Kwenye bariyeri kubwa kabla ya Komanda vijana watatu walitusimamisha. Pembeni wanaume kadhaa walikuwa wamekaa chini bila viatu. Nilidhani wamechoka kutembea. Kijana mmoja aliisoma karatasi kwa shida, kidole chini ya kila neno, halafu akapanda kuchungulia.

"Gardien iko wapi?"

Kambale akaninyooshea kidole. Kijana akacheka mpaka akashuka kuwaita wenzake, wakaja wote watatu kumwangalia mtunzaji wa farasi. Mmoja aliniuliza kama nalipwa. Nikasema hapana. Akasema basi nidai. Walitaka kumgusa Bizu, nikawaambia wapake mchaichai kwanza, na mmoja wao, bunduki mgongoni, alinyoosha viganja vyake kama mtoto anayekaguliwa kucha. Kisha wakainua mti wa bariyeri.

Hawakuniuliza jina. Hilo ninalifikiria sana. Kuna siku nimejaribu kujituliza kwa kusema kwamba Tonton asingepita pale hata kama angekuwa nasi, kwamba wangemshusha akae chini pamoja na wale wengine, na kwamba labda nilimwepusha na jambo hilo. Halafu nakumbuka karatasi, jinsi yule kijana alivyoiheshimu, jinsi alivyoirudisha kwa mikono miwili. Nasema: angepita. Halafu nakumbuka kwamba walicheka kwa sababu nilikuwa mtoto, na mtu anayecheka haulizi. Nasema: asingepita. Nimekuwa nikimpitisha na kumzuia pale kwenye bariyeri kwa zaidi ya miaka kumi.

Kule Beni, mama mdogo wangu alinipokea akilia, na Bizu aliendelea kwenda Butembo na mtunzaji mwingine. Nilisikia baadaye kwamba mke wa Patron alimpenda wiki mbili, kisha akalalamika juu ya harufu.

Mama alifika baada ya siku nyingi, miguu imevimba, pamoja na watu wa kanisa. Walikuwa wametoka Bunia asubuhi ile ambayo mapigano yaliingia Lumumba. Nilimwuliza juu ya Tonton Gaspari kabla hajakaa. Alisema alimwacha depo. Tonton mwenyewe alikuwa amemwambia Mama asimgongee mlango wakati wa kuondoka, kwa sababu watu wakiwaona wanaongea naye, itakuwa mbaya kwao. Kwa hiyo hakumgongea.

Tuliporudi, depo haikuwa na milango wala bati. Jirani mmoja alisema alimwona Tonton akienda na watu kuelekea upande wa uwanja wa ndege, ambako wengi walikimbilia. Mwingine akasema hapana, hakutoka kabisa mle chumbani. Nimewauliza wote wawili tena na tena, kwa miaka tofauti, na kila mmoja anasema lilelile. Papa alirudi kutoka Kilo. Watu wengine waliodhaniwa wamekufa walirudi pia, wamekonda, wakachekewa na kukumbatiwa. Yeye hakurudi.

Nilipoelewa, sikuwa mtoto tena. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimekaa kwenye kipindi cha uchumi, na profesa alikuwa anaeleza kwamba mfanyakazi ana thamani pale tu kazi yake haiwezi kufanywa na mtu wa bei nafuu zaidi. Aliandika ubaoni, akageuka, akaendelea. Mimi niliuona mnyororo ukianguka. Niliuona siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, mahali palepale, na vidole virefu ambavyo havikuwa vimedhoofika hata kidogo. Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Likizo ile nilimwuliza Mama. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilimwuliza kama alijua kwa nini Tonton aliangusha mnyororo, na kama alijua siku ile nilipoomba vitambaa. Hakusimamisha cherehani. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Nilikuwa na mutoto mumoja," akasema.

Sikumwuliza tena. Simlaumu; nikijaribu kumlaumu, lawama inazunguka na kunirudia, maana mimi ndiye niliyefika. Yeye alitoa vitambaa, lakini mimi ndiye niliyevikaza kwa uzi, na mimi ndiye niliyesema ninaweza.

Lakini nimefikiri sana, kama ilivyo kawaida yangu, na naona vitambaa havikumzuia Tonton. Mlio mmoja tu wa chuma ungetosha. Angegonga ubavu wa lori mara moja, Bizu angesimama kwa miguu ya nyuma, Kambale angeapa kwamba hawezi kwenda bila mzee huyu, na nafasi ingebaki yake. Chuma kilikuwa mkononi. Kizuizi kilikuwa mimi, nilivyosimama chini ya kifua cha farasi, mahali ambapo kwato zingeshukia. Nilikuwa nimejiweka pale mwenyewe ili kusaidia. Na alipochagua, nilimsifu kwa kuacha uzembe.

Watu wananiambia kwamba alifanya hivyo kwa upendo, nikubali niwe na amani. Mimi ningependa zaidi kusikia kwamba alinikasirikia. Ningependa mtu mmoja aje aseme kwamba alikaa naye mle depo siku zile za mwisho, na mzee alinung'unika juu ya mtoto wa jirani asiyejua kunyamaza, aliyechukua nafasi yake kwa maneno aliyofundishwa na yeye mwenyewe. Hasira ningeweza kuiomba msamaha. Lakini lori lilipokata kona niliweza kumwona vizuri kati ya mbao, na hakuwa na hasira, wala hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameinama kidogo, mikono magotini, anaangalia miguu ya Bizu kuona kama imesimama sawa.